Nimefungua poti, mbona jamaa bado hawaingii?

Msomaji wa Tabata anauliza: "Nina faiba nyumbani. Kampuni walifunga kikasha chao sebuleni, nami nikaongeza ruta ya TP-Link kutoka Kariakoo ili Wi-Fi ifike vyumbani. PS5 inaandika NAT Type 3, na mdogo wangu akicheza GTA Online anawasikia baadhi ya wenzake, wengine hawasikii kabisa. Kwenye kompyuta nataka kuwasha seva ya Minecraft Java ili jamaa zetu wa Mwanza waingie. Nimefungua poti 25565 kwenye TP-Link kama video zinavyoelekeza, nimezima na kuwasha kila kitu, hola. Nakosea wapi?"

Poti yenyewe huenda umeifungua sawasawa, ila umeifungua kwenye ruta ya pili. Mbele yake kuna ruta nyingine ambayo haijaambiwa kitu. Kile kikasha kinachopokea waya wa faiba watu hukiita modemu, lakini kwa kawaida ni modemu na ruta ndani ya boksi moja: kinagawa anwani za ndani, kinarusha Wi-Fi yake, na kinatupa chochote kinachokuja kutoka nje bila kuitwa na kifaa cha ndani. Ulipochomeka TP-Link nyuma yake kupitia tundu la WAN (la kuingizia intaneti), nayo ikaanza kufanya vilevile. Kazi hiyo ya kuficha anwani za ndani nyuma ya anwani moja ya nje ndiyo inaitwa NAT. Nyumba yako sasa ina NAT mbili, moja nyuma ya nyingine, wakati video nyingi zinamlenga mtu mwenye moja.

Chukulia S.L.P. ya shule ya bweni. Barua zote zinafika sanduku moja, na isiyo na jina la mwanafunzi inalala ofisini. Poti ndiyo hilo jina, na kuelekeza poti ni kuiambia ofisi barua za jina hili zipelekwe bweni gani. Wewe umempa maelekezo kiranja wa bweni, ofisi haina habari.

Kabla hujaugusa tena ukurasa wa poti, tafuta ni kifaa gani kimeshika anwani ya umma, ile inayofikika kutoka nje. Kwenye kompyuta fungua kivinjari, andika tplinkwifi.net, ingia, kisha soma anwani iliyo chini ya neno Internet. Ikianza na 192.168, au 10, au namba za 172.16 hadi 172.31, hiyo ni anwani ya ndani uliyopewa na kikasha cha kampuni. Kwa ulivyoeleza, nategemea uone kitu kama 192.168.100.5 au 192.168.1.3. Sasa ingia kwenye kikasha chenyewe. Vya Huawei mara nyingi hufunguka kwa 192.168.100.1, vya ZTE na vingine 192.168.1.1, jina la kuingilia na paswedi vipo kwenye stika chini yake. Tafuta Status, kisha WAN, uandike anwani ya IP iliyopo pale. Mwisho iulize Google "what is my ip", usome namba inayotoka. Ikija ndefu yenye herufi na nukta pacha hiyo ni IPv6. Tafuta tovuti inayoonyesha IPv4.

Namba ya kikasha na ya Google zikifanana, una anwani ya umma na kazi iliyobaki ni ya nusu saa. Zisipofanana, na hasa ile ya kikasha ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT: kampuni ina ruta yake kubwa inayowagawia wateja wengi anwani moja. Fungu hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo tu, kwa hiyo ukiliona huna haja ya kubahatisha. Kampuni nyingine hutumia anwani zinazoanza na 10 kwa kazi ileile. Si lazima iwe ubahili. Anwani za IPv4 zimeadimika, na tangu Januari 2020 AFRINIC, wanaozigawa kwa Afrika nzima, wanazitoa kwa kibaba. Ruta za laini ya simu, za 4G na 5G, karibu zote ziko nyuma ya CGNAT, kwa hiyo mwenye ruta ya aina hiyo aruke moja kwa moja hadi chini ninapozungumzia njia mbadala.

Utakutana na ushauri wa kutumia tracert, amri inayoorodhesha ruta ambazo safari inapitia, kwamba ukiona anwani ya ndani kwenye mstari wa pili basi una CGNAT. Usiuamini peke yake. Kampuni nyingi hutumia anwani za ndani kwenye mitambo yao hata kwa mteja mwenye anwani ya umma. Kulinganisha namba mbili ndiyo hukumu.

Tuseme zimefanana. Ondoa NAT ya pili kwanza. Kuna njia tatu, na kwa nyumba kama yako ningechagua ya kwanza bila kusita: igeuze TP-Link iwe ya kusambaza Wi-Fi tu. Ingia Advanced, kisha System, kisha Operation Mode, chagua Access Point Mode, iache iwake upya. Ruta ndogo za zamani ambazo hazina menyu hiyo, zima DHCP yake (kazi ya kugawa anwani), ipe anwani isiyogongana na ya kikasha, halafu hamisha waya kutoka tundu la WAN uuchomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN, ya vifaa vya ndani. Wi-Fi yako itabaki na jina na paswedi ileile, ila vifaa vyote sasa vitapewa anwani na kikasha. Sheria zote za poti ulizoandika kwenye TP-Link hazifanyi kazi tena. Utaziandika upya kwenye kikasha.

Njia ya pili ni kuomba kampuni wakiweke kikasha kwenye bridge, yaani kibaki modemu tu bila kazi ya ruta, ili TP-Link ishike anwani ya umma yenyewe. Ni safi kuliko zote, lakini unategemea fundi wao, na mara nyingi utahitaji jina na paswedi ya PPPoE, za kuingilia mtandao wa kampuni, wanazozishika wao. Kikasha kikibadilishwa siku moja, unaanza upya. Njia ya tatu ni kuelekeza poti mara mbili: kikasha kiielekeze kwenye anwani ya WAN ya TP-Link, TP-Link iielekeze kwenye kompyuta. Inafanya kazi, lakini kila poti mpya ni kazi mara mbili, na siku kitu kikigoma hujui uanzie wapi.

Baada ya hapo, ipe kompyuta anwani isiyohama. Kwenye Command Prompt andika ipconfig /all, soma mstari wa Physical Address wa njia unayotumia kweli. Angalia hapo vizuri: tundu la waya lina namba yake na Wi-Fi ina yake. Ukihifadhi ya Wi-Fi kisha ukachomeka waya, hifadhi yako haina kazi. Kwenye kikasha, upande wa LAN, tafuta DHCP Static IP au Address Reservation, weka namba hiyo na anwani kama 192.168.100.50. Fanya hivyohivyo kwa PS5. Yake utaiona kwenye Settings, Network, View Connection Status. Wengi huruka hatua hii kwa sababu siku ya kwanza kila kitu kinafanya kazi hata bila hiyo. Wiki inayofuata umeme unakatika, vifaa vinawaka kwa mpangilio mwingine, kompyuta inapewa .7 badala ya .4, na poti inaelekea kwenye televisheni.

Sasa sheria yenyewe. Kwenye Huawei huwa chini ya Forward Rules, Port Mapping. Kwingine itaitwa Port Forwarding au Virtual Server. Data husafiri kwa namna mbili, TCP na UDP, na ruta hukuuliza ipi. Minecraft Java inahitaji TCP peke yake, poti 25565, ya nje na ya ndani zifanane, anwani ya ndani 192.168.100.50. Kwenye Huawei kuna sehemu ya kuchagua WAN. Chagua ile yenye neno INTERNET, maana kampuni nyingine huweka WAN ya pili kwa ajili ya simu au usimamizi wao, na ukiichagua hiyo sheria inakaa tu bila kufanya lolote. Ukiona menyu hii haipo kabisa, paswedi ya kwenye stika ni ya mtumiaji wa kawaida. Piga huduma kwa wateja uwaombe wakuwekee wao, ukiwatajia poti, TCP na anwani ya ndani.

Kwenye kompyuta, usiandike chochote kwenye mstari wa server-ip ndani ya server.properties, faili la mipangilio ya seva. Watu huweka pale anwani yao ya umma wakidhani ndivyo seva inavyojulikana, kumbe anwani hiyo haipo kwenye kompyuta bali kwenye kikasha, na seva inakataa kuwaka kwa ujumbe FAILED TO BIND TO PORT. Iache tupu. Kisha kinga ya Windows: andika wf.msc, ingia Inbound Rules, New Rule, Port, TCP, 25565, Allow. Kama una antivirusi ya kununua yenye kinga yake, nayo ina orodha yake ya kuruhusu. Hakikisha seva inasikiliza kwa kuandika netstat -an | findstr 25565. Unatakiwa uone mstari unaoishia na LISTENING. Usipouona, tatizo bado liko kwenye kompyuta, ruta iache.

Kupima nako kuna mtego. Ukiwa ndani ya nyumba, usijaribu kuingia kwa anwani ya umma: ruta nyingi haziwezi kugeuza safari inayotoka ndani kurudi ndani, kwa hiyo utaona imegoma wakati Mwanza wanaingia vizuri. Nyumbani tumia 192.168.100.50. Kwa upande wa nje, tumia tovuti ya kupima poti kama canyouseeme.org: ifungue kwenye kompyuta yenyewe, nayo itagonga anwani ya umma ya nyumbani ikitokea nje. Seva iwe imewaka wakati unapima. Poti isiyo na programu nyuma yake huonekana imefungwa hata kama sheria iko sawa. Tovuti hizo hupima TCP, za UDP hazikuambii kitu.

Halafu mwombe jamaa wa Mwanza akusomee ujumbe wa kosa neno kwa neno, maana ndiyo kipimo bora kuliko vyote. Akipata "Connection timed out", ombi lake lilimezwa njiani: ama CGNAT, ama sheria haipo au inaelekea anwani isiyo sahihi, ama kinga ya Windows imelitupa kimyakimya. Akipata "Connection refused", hiyo ni habari njema kidogo: ombi limefika kwenye kifaa fulani kikajibu kwamba hapa hakuna seva. Mara nyingi seva imezimwa, au sheria inaelekea kifaa kingine. "Unknown host" ni jina la seva lililokosewa.

Tukiwa hapo, ndani ya server.properties washa white-list=true, waingie uliowaorodhesha tu, na uache online-mode=true, inayokagua kwamba akaunti ni halisi. Kuna programu zinazozunguka intaneti nzima usiku na mchana zikigonga poti 25565, na seva iliyo wazi hugunduliwa haraka. Pia ujue kwamba Minecraft ya kwenye PS5 ni Bedrock, toleo jingine linalotumia UDP 19132. Mdogo wako hataingia kwenye seva ya Java kwa PS5 hata ufungue poti zote za dunia.

Tuje kwenye PS5, ambayo kwa kweli ina kazi ndogo kuliko ulivyodhani. Kwa nini anawasikia baadhi tu? GTA Online huunganisha wachezaji wao kwa wao, si kupitia seva moja ya katikati. Mwenye NAT iliyobana, ndiyo hiyo Type 3, anaweza kuunganishwa na mwenye NAT iliyo wazi, lakini wawili waliobana hawafikiani. Hao asiowasikia wana tatizo kama lenu. Ukiondoa NAT ya pili, washa UPnP kwenye kikasha (inaruhusu kifaa kijifungulie poti chenyewe), zima PS5 kabisa, iwashe, halafu Settings, Network, Test Internet Connection. Nyumba nyingi zinaishia hapo na Type 2. Usihangaike kutafuta Type 1; hiyo ni ya kifaa kilichochomekwa bila ruta, na kwa kucheza Type 2 inatosha.

Ikigoma, andika sheria kwa mkono kuelekea anwani ya PS5: TCP 3478 hadi 3480, UDP 3478 na 3479, na kwa GTA Online UDP 6672 pamoja na 61455 hadi 61458. Poti moja haiwezi kwenda vifaa viwili, kwa hiyo ikija PS5 ya pili nyumbani, futa sheria hizo urudi UPnP, ambayo huzipangia poti tofauti zenyewe.

Kasoro ya UPnP ni kwamba inamtii kila aliye ndani. Kama una kamera za CCTV za bei ya chini, nazo zinaweza kujifungulia poti bila kukuuliza. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na mashine za kurekodi kwa maelfu kwa kutumia paswedi za kiwandani tu, kikazitumia kuangusha tovuti kubwa Marekani. Badilisha paswedi za kamera, na mara mojamoja fungua orodha ya UPnP kwenye ruta uone nani amefungua nini. Na yule atakayekwambia "weka kompyuta kwenye DMZ, yaishe" usimsikilize: DMZ inaelekeza poti zote zisizo na sheria kwenye Windows yako.

Sasa kama namba hazikufanana. Piga simu kwa kampuni, sema hivi: "Nahitaji static public IP kwenye laini yangu." Usiseme unataka kufungua poti, maana atakayepokea atakuelekeza kuzima na kuwasha. Mara nyingi huduma hiyo hulipiwa kila mwezi, na pengine hutolewa kwa vifurushi vya biashara tu. Kwa ajili ya PS5 peke yake nisingelipa, kwani nyuma ya CGNAT iliyopangwa vizuri PS5 hupata Type 2 mara nyingi tu baada ya kuondoa ile NAT ya pili.

Kwa Minecraft kuna njia za kuzunguka. Huduma ya handaki kama playit.gg inakupa anwani ya nje. Programu ndogo kwenye kompyuta yako inapiga simu kutoka ndani, na wageni wanapitia kwao. Hakuna poti ya kufungua, ila kila hatua ya mchezaji inapita kwenye seva yao, na hiyo ikiwa Ulaya, mtu wa Mwanza anakwenda Ulaya na kurudi ili kufika Tabata. Tailscale au ZeroTier huunganisha kompyuta zenu moja kwa moja pale inapowezekana, lakini kila jamaa lazima aisakinishe. Hizi ni za jamii ya VPN, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN nchini watoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kwa hiyo soma masharti yao kabla. Mkiwa wachache, Minecraft Realms, ambayo seva yake wanaiendesha wenye Minecraft, inaweza kuwa nafuu kuliko static IP ya kila mwezi.

Jambo moja hukuuliza lakini utaliuliza: pingi, yaani muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi, haitashuka. Poti hufungua njia, haifupishi safari. Ndani ya faiba mwanga huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 1,000 hugharimu milisekunde 10 kwenda na kurudi. Johannesburg iko kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo chini ya 25 haiwezekani. London, kama 7,500, chini ya 75 haiwezekani, na nyaya za baharini hazinyooki, zinazunguka kupitia Bahari ya Shamu. Kwenye gemu inayokuruhusu kuchagua seva, chagua Afrika Kusini. Pingi inayoruka kutoka 60 hadi 300 na kurudi ni kitu kingine: ni Wi-Fi inayopenya kuta za tofali, au mtu anapakia video. Waya wa Cat5e hadi kwenye PS5 utakusaidia kuliko ruta ya bei mbaya, na unaruhusiwa hadi mita 100.

Kama anwani yako ni ya umma lakini inabadilika, na umeme ukikatika huenda ikabadilika, fungua jina la bure DuckDNS au No-IP, uweke programu yao kwenye kompyuta. Jamaa wataandika jina badala ya namba. Mini UPS, betri ndogo ya kukiwezesha kikasha kubaki kimewaka umeme ukikatika, nayo inasaidia. Kabla ya kununua, soma stika ya adapta ya kikasha palipoandikwa OUTPUT: volti zilingane kabisa, 12V kwa 12V, na ampea za UPS ziwe sawa au zaidi ya zilizoandikwa pale. Na kama TP-Link inabeba Wi-Fi ya PS5, nayo inataka tundu lake kwenye hiyo UPS.